Mbuzi Mmoja Mmoja hadi Butembo

Beni, tarehe 8 Machi 2000

Solange mpenzi,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini. Mimi ni mzima, mwilini sina hata mkwaruzo, lakini mbuzi wamekwenda. Wote. Wale niliowatangazia watu wa soko zima la Beni kwamba wataingia Butembo wamefuatana kama watoto wa komunio ya kwanza, wamekamatwa kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, na wenye bunduki wamewagawana mbele ya macho yangu. Mkubwa wao alinipiga begani akaniambia, "Merci mingi, fundi. Leo tutakula muzuri."

Unajua mahari yetu sisi ni mbuzi, na baba yako Mzee Éliakim hakuficha neno. Alisema wasimame zizini kwake wakiwa hai, wazee wa ukoo wawaone kwa macho, ndipo padri atangaze majina yetu kanisani. Nimekaa kwenye cherehani tangu vita hii ianze, nikiwashonea wake za wakulima, nao wananilipa kwa mbuzi kwa kuwa fedha hawana. Jasho lote hilo limeliwa jioni moja na watu nisiowajua hata majina.

Nimefikiri sana, Solange. Vita hii haioneshi mwisho, na mimi siwezi kukufunga kwa kamba isiyo na mbuzi. Ukipata mwingine sitasema neno baya juu yako. Mwanaume anayefika kwa wakwe mikono mitupu atajiita nani?

Wako, kama bado unataka niandike hivyo,
Kambere

*

Butembo, tarehe 17 Machi 2000

Kambere,

Kasonia, huyu muuza chumvi, amenipa barua yako mkononi, nami nimeisoma nikiwa nimesimama, maana huna amri ya kunikalisha. Nimecheka mahali pamoja tu, pale pa komunio. Kwingine kote nimekasirika.

Nani alikuambia uwapitishe mbuzi wote barabara kubwa, mchana kweupe, tena umevaa koti? Ndiyo, Kasonia ameniambia habari za koti. Ulitaka watu wakuone. Basi, wamekuona.

Sasa nisikilize. Tuma mmoja. Mmoja tu. Kasonia anajua njia za miguu za nyuma ya Kabasha na Maboya, katikati ya mashamba ya kahawa. Mbuzi mmoja hana makelele mengi, na akipotea hatutavaa nguo nyeusi. Akifika, tutamshangilia kama vile wote wamefika, halafu utatuma mwingine. Mimi nafundisha darasa la kwanza. Mtoto akiandika "a" yake ya kwanza darasa zima linampigia makofi, na hakuna mzazi aliyewahi kuja kuniuliza kwa nini hatungoji mpaka ajue kuandika barua.

Nami najua unachoogopa. Unaogopa baba. Unamjua ni mtu anayenyoosha misumari iliyopinda ili aiuze tena dukani, anayezima koroboi wakati wa sala kwa sababu, anasema, Mungu anatuona bila mafuta ya taa. Unafikiri atamcheka mtu anayeleta mbuzi mmoja. Mwache acheke. Hajacheka tangu nizaliwe, itamfaa.

Na yale maneno ya "ukipata mwingine" usiniandikie tena. Karatasi ni ghali.

Solange Kavira

*

Beni, tarehe 2 Mei 2000

Solange,

Kasonia anaondoka kesho na mbuzi jike wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Nimempata kwa mama mmoja niliyemshonea gauni la Pasaka na mabaki yake nikamtengenezea mtoto kofia. Kofia ndiyo iliyomlainisha moyo.

Nakuambia ukweli, naona haya. Kupeleka mbuzi mmoja kwa Mzee Éliakim ni kama kumpelekea mtu kiatu cha kushoto. Nimemfunga kamba mpya angalau. Nimemwambia Kasonia akiulizwa na baba yako "Wengine wako wapi?", ajibu kwamba wako njiani. Si uongo. Wako njiani, ila ni njia ndefu kidogo.

Mafundi wenzangu walipomwona akipelekwa jioni hii kulala kwa Kasonia walisimama wote kwenye baraza, wakapiga mikasi yao kama kengele. Nilidhani wananidhihaki. Kumbe walikuwa na furaha ya kweli, na yule mzee wa kushona vifungo alitoa machozi. Nikajikuta nami nimeinua mkono, nampungia mbuzi.

Kambere

*

Butembo, tarehe 14 Mei 2000

Kambere wangu,

Amefika! Na sikio lake, na kamba yake mpya, na hasira zake zote. Mama yangu Kyakimwa alipiga vigelegele mpaka jirani wakadhani vita imekwisha. Mjomba Vagheni alikuwa ameshuka kutoka Musienene kuuza maharagwe sokoni, akaacha magunia kwa mtu akaja mbio. Jirani walikuja, shangazi zangu walikuja, kasiksi, pombe ya ndizi, ikatoka sijui wapi. Tuliimba. Mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika, na hicho utanilipa wewe kwa kunishonea kitu.

Baba hakuuliza wengine wako wapi. Alimzunguka mbuzi wako, akamshika mgongo, akasema, "Huyu kijana iko na macho ya kuchagua." Kwa mtu kama baba hayo ni mahubiri mazima.

Usiwe na wasiwasi juu ya mnyama. Amepokelewa vizuri kuliko mgeni yeyote niliyemwona nyumbani kwetu, na hakulala njaa hata siku moja. Jina lako lilitajwa na kila kinywa. Jana shuleni nilitembea kama mke wa gavana, wanafunzi wakaniuliza nini, nikawaambia mbuzi amefika. Wakanipigia makofi.

Tuma mwingine. Usipumzike.

Solange wako

*

Beni, tarehe 20 Agosti 2000

Solange, mke wangu wa kesho,

Sasa umenizoesha vibaya. Kila mbuzi akitoka hapa nanunua tilapia kwa akina mama wanaotoka Kyavinyonge ziwani, tunamla barazani na mafundi wote, na mama yangu Rébecca anakuja na fufu yake, anasali juu ya sahani kana kwamba ni arusi yenyewe. Zamani ningesema ni upotevu. Siku hizi naona kwamba bila samaki yule mikono yangu ingekwisha nguvu zamani. Nikiona mshono unanichosha najiambia, Kambere, huyu ni mguu wa nyuma wa mbuzi ujao.

Umesikia jinsi yule beberu mweusi alivyopita? Kasonia alimlaza ndani ya kapu kubwa, akamfunika na sombe, majani ya muhogo, akamfunga juu ya baiskeli. Kwenye bariere mbuzi akakohoa. Kasonia naye akakohoa. Mbuzi akakohoa tena, Kasonia akainama akakohoa mpaka machozi, na askari akamwambia, "Wewe muzee, kwenda hospitali, hapana kutuambukiza," akamfungulia njia. Amenisimulia akiwa amejishika mbavu.

Habari zimefika hapa kwamba mwezi uliopita wenye bunduki walipita mtaani kwenu wakamaliza mazizi yote. Niambie ukweli, mbuzi wangu wako salama?

Na nimepiga hesabu zangu kichwani, kama mtoto wa kweli wa kabila letu la Kinande. Yule jike wa sikio lililochanika lazima amekwisha zaa. Wale wengine majike pia. Kama Mzee atawahesabu na watoto wao, basi tuko karibu kuliko tunavyofikiri! Niandikie ana watoto wangapi na wana rangi gani. Najivuna sana, Solange, sikufichi.

Kambere wako

*

Butembo, tarehe 5 Septemba 2000

Kambere wangu,

Naandika haraka, Kasonia amesimama mlangoni na baiskeli yake.

Ni kweli walipita, na mtaa mzima ulilia. Mbuzi wako hawakuguswa na askari hata mmoja. Hilo naweza kuapa mbele ya padri.

Juu ya watoto wa mbuzi, acha kuhesabu. Anayehesabu vifaranga kabla ya mayai humchosha kuku. Wewe shona. Mwingine akifika tutaimba kama kawaida.

Mama anakusalimu. Baba naye pia, kwa namna yake.

Solange

*

Beni, tarehe 11 Novemba 2000

Solange Kavira,

Nimempa Kasonia kasiksi, na kasiksi ikampa yeye mdomo. Nilimwuliza tu kama zizi bado linatosha. Akacheka akasema, "Zizi gani? Mule mulishaota majani. Mbuzi yako yote balishaikula, tena na mifupa."

Nilidhani anatania. Nikamkazia macho, akanieleza yote. Kila mbuzi niliyemtuma alichinjwa siku ileile aliyofika. Wewe mwenyewe ulikuwepo ukicheza. "Hakulala njaa hata siku moja." Sasa nakuelewa. Hakulala kabisa.

Na akaniambia jingine ambalo hukuniandikia. Mwezi uliopita Ézéchias mwenye lori alisimamisha gari mbele ya lango lenu, limejaa mbuzi, mahari nzima kwa mara moja, na wazee wakaingia ndani na baba yako kuongea. Kasonia aliondoka kabla hawajatoka. Ndiyo mambo yenu, donc! Fundi cherehani awalishe nyama kwa miezi yote hii, halafu mwenye lori aoe.

Nimevumilia askari. Askari hawakuniimbia nyimbo walipokuwa wanakula. Hapa nina mbuzi mmoja amefungwa nyuma ya nyumba, mnene kuliko wote, alikuwa aje kwenu Jumatatu. Haji. Nijibu swali moja tu, na unijibu kwa mkono wako: ulikuwa unashangilia nini?

Kambere

*

Butembo, tarehe 19 Novemba 2000

Kwa kijana wetu Kambere, fundi, huko Beni,

Swali ulimwuliza binti yangu, lakini wa kujibu ni mimi, kwa sababu kisu kilikuwa mkononi mwangu. Yeye nilimkataza kukuandikia. Nilimwambia, "Usimuambie, atakosa nguvu ya kushona." Kama ni hasira, zilete kwangu. Mimi nina mgongo mpana.

Siku ile mbuzi wa kwanza alipofika nilitaka kumweka zizini. Unanijua, mimi si mtu wa kuchinja, hata Noeli tunakula maharagwe. Lakini saa ileile mtu alikuja mbio akasema wenye bunduki wako mtaa wa chini wanakusanya mifugo. Nikamwangalia yule mbuzi aliyevuka milima yote ile. Nikamwambia mama ya Solange aweke maji motoni. Sitajisifu kwamba ilikuwa akili. Ilikuwa uchungu. Nilisema afadhali aliwe na watu wanaojua ametoka kwa nani.

Harufu ikaita watu. Shemeji yangu Vagheni alikuwepo, naye unajua ndiye mjomba, bila yeye hakuna ndoa. Alipomaliza paja akainua mfupa akauliza, "Hii mbuzi iko ya nani?" Wote wakajibu, "Iko ya Kambere wa Beni!" Akasema, "Basi Kambere wasingya." Na kila mmoja akarudia asante hiyo, mpaka shangazi ya Solange, yule aliyekuwa akisema kwamba fundi cherehani hawezi kulisha mke. Alisema asante na mdomo umejaa.

Hapo ndipo nilianza kufikiri. Mbuzi aliye hai, kijana wangu, ana uwezo wa kurudi. Ndoa ikivunjika, wazee hushika kamba ileile aliyokuja nayo wakamrudisha kwa mwenyewe, na mambo yamekwisha. Aliyeliwa na ukoo mzima harudi. Nani atamtapika? Basi kuanzia wa pili nilichinja kwa makusudi. Kila aliyefika, niliita wale ambao neno lao lilikuwa bado gumu. Leo shangazi huyu, mara nyingine mzee yule. Niliwaalika waimbe na kucheza ili jirani wasikie na wawe mashahidi. Askari walipomaliza mazizi ya mtaa mzima, mimi peke yangu sikupoteza kitu.

Sasa huyo Ézéchias. Alikuja kweli. Alikuwa na mbuzi wazuri, sitasema uongo, na amelipa kila bariere. Aliwashusha mbele ya lango watu wote wakatazama. Tukaingia ndani. Nikawaambia wazee, "Museme ninyi. Mimi nitafuata sauti yenu." Mimi moyoni nilikuwa naogopa, maana njaa iko, na mbuzi wale walikuwa wanalia pale nje. Halafu Vagheni akasema: "Sisi tulishakula nyama ya Kambere. Midomo ingali na mafuta. Tutaikubali hii ingine na mudomo gani?" Shangazi akasema, "Ni kweli." Mmoja mmoja wakasema ni kweli. Tukatoka tukamwambia mwenye lori apakie mbuzi wake. Lakini alikasirika!

Wewe unasema nilikula mahari yako. Mimi nasema nilikuwa namwoza binti yangu, kipande kwa kipande, kwa sababu nyakati hizi haziruhusu mtu kuoza mtoto kwa siku moja. Wewe ulileta kidogo kidogo, nami nikapokea kidogo kidogo. Kazi yetu ilikuwa moja.

Jana niliwaita wazee tena, bila nyama, maji tu. Nikawauliza, "Mahari ya huyu mutoto, nini imebaki?" Wakaangaliana. Vagheni akajibu, "Imebaki bwana-arusi. Aje tu, yeye hatutamukula."

Nilicheka, Kambere. Mama ya Solange ni shahidi.

Padri ameanza kutangaza majina yenu Jumapili hii. Usinikalishe na aibu.

Mimi mkwe wako,
Éliakim

*

(Ndani ya bahasha ileile)

Kambere,

Baba ameruhusu kipande hiki cha karatasi.

Uliniuliza nilikuwa nashangilia nini. Mara ya kwanza nilicheza huku nalia, kwa sababu nilimwona mbuzi wako akichinjwa na nilifikiri baba amekufukuza kwa kisu. Nilijificha jikoni. Halafu nikasikia wanavyotaja jina lako mle ndani, watu ambao hawakutaka hata kulisikia, nikatoka nikaingia katikati nikacheza. Tangu siku hiyo kila mbuzi aliyefika nilijua kuna mtu mmoja zaidi upande wetu. Nilishangilia hao.

Siku ya lori nilikaa nyuma ya mlango nikiwasikiliza wazee. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka uje mbio barabara kubwa ukauawa kwa wivu. Hilo ndilo kosa langu, kama ni kosa. Najivunia wewe mpaka inaniuma. Mwenye lori alileta mbuzi wake kwa siku moja na hakuna aliyemwimbia.

Njoo.

Solange

*

Beni, tarehe 27 Novemba 2000

Kwa baba mkwe, Mzee Éliakim,

Wasingya, baba. Nimesoma barua yako barazani, kwa sauti, kwa sababu mafundi hawakunipa nafasi ya kuisoma peke yangu. Tulipofika pale pa Vagheni yule mzee wa vifungo alianguka kutoka kwenye kiti chake. Ile ya Solange sikumsomea mtu. Nilimwandikia maneno ya mtu asiyejua anachosema, nami nitamwomba radhi uso kwa uso.

Sasa nakuambia nililofanya. Yule mbuzi mnene niliyemzuia kwa hasira alikuwa bado amefungwa nyuma ya nyumba. Mama yangu Rébecca alisema nije naye, mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu, na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo tangu mwezi wa tatu. Nikashika kamba. Halafu nikafikiri kwamba ukoo wako umekula na hauwezi tena kurudi nyuma, lakini wa kwangu haujala kitu. Wajomba zangu wawili bado walikuwa wakinung'unika kwamba mwalimu atanitawala nyumbani.

Nikamchinja. Nikawaita wajomba, mafundi, jirani, na yule mama wa gauni la Pasaka na mtoto wake. Walipokuwa wamejaza midomo nikasimama nikauliza, "Hii nyama iko ya nani?" Wakajibu wote, wajomba zangu wakiwa wa kwanza, "Iko ya Solange wa Butembo!"

Tunaondoka kesho na Kasonia, kwa njia ya mashamba ya kahawa. Koti nimeliacha kwa mama. Nakuja bila mbuzi hata mmoja, baba, na sijawahi kuinua kichwa hivi maishani mwangu.

Mwana wako,
Kambere